Jina la kwanza kwenye daftari: Light Yagami wa manga, wa anime na wa tamthilia ya 2015

Hivi ni nani alimsukuma Light Yagami, yule kijana wa Death Note anayeua watu kwa kuandika majina yao kwenye daftari? Nataka tukae na hilo swali leo, na nataka tulifuate kwenye kisa kimoja tu, siyo Death Note nzima, maana tukianza na mpelelezi L anayemsaka Light, Misa, Near, ile krispi na mengineyo tutakesha hapa. Kisa chenyewe ni kile cha jina la kwanza. Kwenye manga ni kurasa chache, kwenye anime ni dakika chache, kwenye tamthilia ya Nippon TV ya 2015 kimekula karibu episodi nzima ya kwanza. Daftari ni lile lile, shinigami (mungu wa kifo) ni Ryuk yule yule, kijana anaitwa Light Yagami kotekote, ila ukiangalia kwa makini unaona ni vijana watatu tofauti kabisa wameshika kalamu, na mi naamini kila kinachokuja baadaye kwenye kila toleo mpaka pumzi ya mwisho kimetokea pale. Naongelea mpaka mwisho humu, kwahiyo kama hujamaliza kamalize kwanza ndo urudi.

Kwa kifupi tu ili twende sawa. Manga kaandika Tsugumi Ohba, kachora Takeshi Obata, ilitoka kwenye Weekly Shonen Jump kuanzia Desemba 2003 mpaka Mei 2006, sura 108, vitabu 12. Anime ni ya studio ya Madhouse, mwongozaji Tetsuro Araki, episodi 37, Oktoba 2006 mpaka Juni 2007. Tamthilia ya waigizaji ilirushwa Jumapili usiku kuanzia Julai mpaka Septemba 2015, episodi 11, Masataka Kubota ndo Light na Kento Yamazaki ndo L. Sheria za daftari mnazijua: andika jina la mtu huku sura yake unayo kichwani, usipoandika amekufaje basi baada ya sekunde 40 moyo unasimama. Ni hivyo tu, daftari halikuamrishi kuandika, na hiki kitu naomba tukishike maana ndo msingi wa hoja yangu yote.

Haya, manga kwanza. Sura ya kwanza imepewa jina la kuboeka, na Ohba hakuiita hivyo kwa bahati mbaya. Kule juu shinigami wameboeka, wanacheza kamari na kulala kwenye nchi kavu isiyo na kitu, Ryuk kachoka na yale maisha akaamua aliangushe daftari duniani aone kitatokea nini. Huku chini kuna dogo wa miaka 17, wa kwanza kwenye mitihani ya majaribio ya taifa, baba yake Soichiro ni mkubwa polisi, mama yupo nyumbani, mdogo wake Sayu anakuja kuomba asaidiwe homuweki, yaani nyumba imetulia, hamna njaa, hamna kipigo, hamna msiba. Na yeye kaboeka. Anachungulia dirishani darasani anaona kitu kinaanguka, anaenda kukiokota. Baadaye anamuuliza Ryuk kwanini umenichagua mimi, Ryuk anamwambia hakuna aliyekuchagua wewe, lilidondoka tu ukaliokota. Light aliingia kwenye ile stori akidhani ana kazi maalum duniani, kumbe alikuwa karibu na dirisha.

Alafu jina lenyewe. Light yuko chumbani kwake, televisheni inaonyesha habari za jamaa mmoja Kurou Otoharada aliyeshambulia watu Shinjuku na sasa kajifungia kwenye chekechea na watoto na walimu wao kama mateka. Light anaandika jina lake, hata haamini, anahesabu sekunde, na mateka wanatoka mbio maana jamaa kaanguka mule ndani. Sasa hapo unaweza kumtetea kabisa, aliandika akidhani ni mchezo wa watoto, na aliyekufa alikuwa anatishia watoto.

Ila mi siku zote nasema jina la pili ndo zito. Anatoka, anakuta jamaa wa pikipiki wanamsumbua dada mmoja usiku barabarani nje ya duka, kiongozi wao kajitaja jina lake, Takuo Shibuimaru. Light kasimama dukani na daftari lake. Hajui jina linaandikwaje, maana Kijapani jina moja lililosikika kwa masikio linaweza kuandikwa kwa herufi nyingi tofauti, kwahiyo anaandika moja, anaandika lingine, anaandika lingine tena mpaka amalize anazodhani, na sababu ya kifo anaweka ajali. Yaani huyu sasa hajaribu kumwokoa mtu, kuna njia nyingi za kumsaidia yule dada ambazo hazihitaji kifo, huyu anataka kujua kama kitu kinafanya kazi kweli. Lori linampitia Shibuimaru pale pale. Na hapo ndo Light anatetemeka, nimeua watu wawili, mimi, kwa mkono wangu, na kwenye manga Obata anakaa na hiyo hofu, jasho, macho, mwili umekunjamana. Alafu kwenye kurasa zile zile, wala hatujafunga sura, anaanza kujijibu mwenyewe. Dunia imeoza. Waliooza wafe. Lazima mtu aifanye hii kazi. Nani mwingine anaweza? Hakuna, ni mimi tu.

Wahenga walisema aonjaye asali huchonga mzinga, na Light alichonga mzinga usiku ule ule. Ryuk alipokuja siku tano baadaye alikuta kurasa zimejaa majina mpaka yeye mwenyewe shinigami akashangaa. Na bado kwenye manga Light anakiri kuwa usingizi haupati na amekonda kilo kadhaa kwa hizo siku tano. Hiki kipande nakipenda sana kwa sababu mwili wake unajua alichofanya hata kama mdomo wake umeshapata hotuba.

Kuna kitu kingine kidogo watu wanakipita. Light anamwona mnyanyasaji mmoja shuleni anayemwomba mwenzake hela kwa lazima, anafikiria, huyu naye nimwandike? Akaacha, siyo kwa huruma, aliacha kwa sababu mtu wa karibu anaweza kumletea shida, watu watafuatilia. Kumbukeni huyu mnyanyasaji, tunarudi kwake.

Kwahiyo kwenye manga nani alimsukuma? Hakuna. Na hiyo ndo inayotisha, maana ukitafuta pa kuweka lawama unakosa, unabaki na dogo mwenye akili, mwenye kwao, mwenye kila kitu, aliyepewa uwezo na akautumia kabla ya chakula cha usiku kupoa.

Tuje kwenye anime. Kwa maneno anime imefuata manga karibu neno kwa neno, Otoharada yupo, Shibuimaru yupo, lori lipo, hofu ipo, hotuba ipo. Mtu akikwambia anime ya Death Note imebadilisha mwanzo mwambie aangalie tena. Kilichobadilika ni kile kisichoandikika kwenye karatasi, yaani muziki, mwendo, rangi na sauti. Yoshihisa Hirano na Hideki Taniuchi waliweka kwaya za kanisani, unasikia kabisa kama misa inaendelea. Mamoru Miyano kampa Light sauti ambayo inaanza kama ya mwanafunzi mstaarabu na ikipanda inapanda mpaka juu kabisa, akisema atakuwa mungu wa dunia mpya nywele zinasimama. Kalamu inakwenda kama upanga. Utambulisho wa mwanzo wenyewe unamwonyesha Light anapokea tofaa kwa mkono ulionyooshwa kama ule wa Adamu kwenye dari la Michelangelo. Araki anajua kupandisha mambo, ndo huyu huyu aliyekuja kutuletea Attack on Titan 2013, na mtu wa namna hiyo ukimpa kijana anaandika kwenye daftari anakutengenezea vita.

Na ni nzuri, sikatai, nimeirudia na nitairudia tena, ile krispi ya episodi ya 8, Light anaandika majina kwa siri huku anakula, kila mtu anaikumbuka mpaka leo wakati kwenye manga ni kitendo kidogo tu unaweza kukipita. Lakini angalia kinachotokea kwenye kisa chetu. Hofu ya Light imebaki kwenye maneno ila haikai, inapita, halafu kinachofuata ni kikubwa, kinang'aa, kina kwaya. Ukimaliza episodi ya kwanza unabaki na Light aliyesimama, yule aliyejikunja umeshamsahau. Watu wengi ninaobishana nao wanaosema Light alikuwa sahihi ukiwauliza wamesoma au wameangalia, wameangalia. Siwalaumu, macho na masikio yao yaliambiwa washangilie.

Na anime iliendelea hivyo hivyo mpaka mwisho kwa namna ilivyogawa muda. Sura kama 58 za kwanza, mpaka L anakufa, zimepewa karibu episodi 26. Sura 50 zilizobaki zimebanwa kwenye episodi 11 hivi. Yaani ile nusu ambayo Light anaanza kuwa mtu wa ofisini, mchovu, mwenye majivuno yasiyo na mpinzani wa saizi yake, anayewatumia watu hovyo, ndo iliyokatwa kwa panga. Tumebaki na Light wa vita na L, Light mtamu. Mi naona hii ni hasara kubwa kuliko watu wanavyosema, tena kila mtu analalamikia Near na Mello (warithi wa L) tu wakati aliyepunjwa zaidi ni Light mwenyewe.

Sasa tamthilia, na hapa nataka nikae muda maana watu wameitukana sana bila kuiangalia vizuri.

Light wa 2015 siyo wa kwanza kitaifa. Ni mwanafunzi wa chuo wa kawaida kabisa, anafanya kibarua kwenye baa, ndoto yake ni ajira ya serikali, atulie tu. Ni shabiki wa kundi la wasichana waimbaji linaitwa Ichigo Berry, na Misa Amane yumo kwenye hilo kundi. Mama alishafariki kwa ugonjwa, na baba Soichiro hakuwepo mama anakata roho kwa sababu ya kazi, na Light hajamsamehe, nyumba nzima ina hilo donge. L naye hana yale macho meusi ya kukosa usingizi, kavaa nguo nyeupe safi, anafyonza jeli za kwenye pakiti badala ya keki. Mashabiki walipoona hivi kabla hata haijaanza kurushwa walichachamaa, na bado episodi ya kwanza ilipata asilimia 16.9 ya watazamaji, ambayo kwa tamthilia ya Japani mwaka ule ilikuwa namba nzito.

Jina la kwanza la huyu Light siyo Otoharada. Ni jamaa mmoja mnyanyasaji anayemsumbua. Light anaandika kwa hasira, kama mtu anavyotukana peke yake chumbani, haamini chochote, kisha anasikia jamaa kafa. Anaogopa sana, siyo ile hofu ya kurasa mbili, huyu anaogopa kama mimi na wewe tungeogopa. Ndipo Otoharada anaingia, na hapa tamthilia imefanya kitu cha akili kweli, hawajamwacha kama mtu wa kwenye televisheni tu. Otoharada ana kesi ya zamani na Soichiro mwenyewe, na kwenye lile sakata baba yake Light ndo anakuwa mateka. Huyo baba ambaye hawaongei vizuri. Light analo daftari, anajua sasa linafanya kazi, ana jina, ana sura, saa inakwenda. Ungefanyaje? Anaandika. Baba anapona, na mtoto anakuwa muuaji kwa kumwokoa yule yule aliyekuwa hawezi kumsamehe.

Baada ya hapo anataka kuachana na daftari kabisa, na Ryuk anamwambia ukiliacha nitampa mtu mwingine, na huyo mwingine anaweza kuwa mhalifu wa kutisha. Kwahiyo anabaki nalo.

Sasa hesabu misukumo: mnyanyasaji, baba mateka, Ryuk na vitisho vyake. Mitatu. Kwenye manga ilikuwa sifuri.

Kubota ameigiza vizuri mno, hilo niliseme wazi, ile safari kutoka kijana mpole wa kibarua mpaka yule wa episodi za mwisho anayecheka na macho yamemtoka ni kazi ya muigizaji mkubwa, na inawezekana kwa sababu walimpa mahali pa chini pa kuanzia. Light wa manga anaanza juu, hana pa kupanda, anaweza kushuka tu. Light wa tamthilia ana ngazi nzima ya kupanda na unaiona kila wiki.

Watu walisema huyu siyo Light, wamezua mtu wao. Hapo ndo nataka niwarudishe nyuma kabisa kabla ya sura ya kwanza. Mwaka 2003, kabla manga haijaanza rasmi, Ohba na Obata walitoa hadithi moja ya majaribio kwenye Jump. Mhusika wake haitwi Light, anaitwa Taro Kagami, mtoto wa miaka 13, anayeonewa na wenzake shuleni. Anaokota daftari, hajui ni nini, analifanya la kuandikia mambo yake ya siku, anaandika majina ya waliomwonea na wanakufa. Taro anaumia sana, na Ohba alimpa mpaka kifutio cha kuwarudisha watu uhai. Yaani mnyanyasaji wa kwanza kuandikwa kwenye Death Note hakuzuliwa na Nippon TV, alizuliwa na Ohba mwenyewe, ndo alikuwa mbegu. Kilichofanyika kati ya majaribio na manga ni kwamba Ohba alimtoa. Alimtoa mnyanyasaji, akatoa kifutio, akamtoa mtoto mwenye huruma, akaweka dogo asiye na sababu yoyote. Na yule mnyanyasaji kambakiza darasani kwenye manga kama kivuli, Light akampita. Mi nikiiona hivi naelewa kuwa hilo lilikuwa chaguo, Ohba alijua kabisa njia ya huruma ikoje maana alishaipita, akaacha.

Tamthilia ikarudi kwenye njia ile ile aliyoiacha. Na haiko peke yake, angalia matoleo yote ya waigizaji halisi. Filamu ya 2006 ya Shusuke Kaneko, Light wa Tatsuya Fujiwara ni mwanafunzi wa sheria aliyeshakata tamaa na sheria kabla hajaokota kitu. Filamu ya Netflix ya 2017 ya Adam Wingard, Light Turner anaanza na mnyanyasaji wa shuleni kwake, tena kwa kifo cha kukatwa kichwa na ngazi. Nchi tofauti, miaka tofauti, waongozaji tofauti, wote wakifika kwenye jina la kwanza wanamtafutia sababu. Wachoraji tu ndo waliomwacha bila sababu.

Kwanini? Mi nadhani ni sura ya binadamu. Mchoro unaweza kutulia, Obata anaweza kumchora Light akiwa amepoa kabisa na wewe ukakubali kuwa huyu ni akili inayotembea. Mtu wa nyama ukimweka mbele ya kamera kwa saa nzima, anapumua, anameza mate, macho yanatafuta pa kushika, mtazamaji anaanza kuuliza ametoka wapi huyu, amelelewaje, kimemsibu nini. Mwandishi wa tamthilia asipojibu anaonekana hajafanya kazi yake. Tena Jumapili usiku mtu amekaa na familia yake sebuleni, wiki 11, unamtaka arudi wiki ijayo, lazima umpe mtu wa kumwonea huruma. Na mwaka 2015 hakukuwa na Mjapani ambaye hajui daftari ni nini na L ni nani, manga imeuza nakala zaidi ya milioni 30, kwahiyo kurudia kile kile isingekuwa na maana yoyote. Walilazimika kuuliza swali lao.

Na swali lao lilizaa kitu ambacho manga haina, ambacho ni baba. Kwenye manga Soichiro anafanya biashara ya macho ya shinigami (anatoa nusu ya umri wake uliobaki, anapata macho yanayoona majina na siku za uhai za watu), anaingia kwenye uvamizi dhidi ya kundi la Mello, anapigwa risasi, na akiwa anakufa anamtazama mwanae. Kwa yale macho anaona siku za uhai za Light zinaonekana, na mwenye daftari zake hazionekani, kwahiyo anaamini mwanae siyo Kira (jina ambalo watu walimpa muuaji wa daftari), anakufa kwa furaha. Kumbe Light alikuwa ameachia umiliki wa daftari kwa muda tu. Ile scene ni katili mno, baba anakufa kwenye uongo na uongo ule ndo zawadi ya mwisho. Kwenye tamthilia ni kinyume kabisa, baba anaujua ukweli. Anamkuta mwanae, anajua yeye ndo Kira, na anaandika jina lake mwenyewe kwenye daftari ili mtoto ashtuke, ajisalimishe. Baba yule aliyeokolewa kwa jina kwenye episodi ya kwanza anakufa kwa jina lake mwenyewe, kwa mkono wake, kumwokoa aliyemwokoa. Hii ni nzito, sijali mtu atasema nini kuhusu zile jeli za L. Na inawezekana tu kwa sababu ya ule mwanzo. Ukimrudisha Otoharada kwenye televisheni ya mbali, scene ya baba haipo.

Ila gharama yake iko pale pale. Light wa 2015 ukimaliza unamwonea huruma, unasema maskini, angekuwa na mama, angekuwa anaongea na baba, lile jamaa lisingemsumbua, Ryuk asingemtisha. Unaweza kumweka mbali na wewe maana wewe hayo hayajakukuta. Light wa manga huwezi kumweka mbali. Hakukuwa na kitu cha kurekebisha nyumbani kwake.

Angalia sasa wanavyokufa, maana ndo nilisema pumzi ya mwisho imetokea kule mwanzo. Kwenye manga, Light kapigwa risasi na polisi Matsuda, yuko chini ghalani, anamsihi Ryuk, Ryuk anaandika jina lake, na dogo aliyekuwa anasema yeye ni mungu anapiga kelele hataki kufa mbele ya watu wote, sekunde 40, kwisha. Hamna jua linalozama wala ngazi kama kwenye anime. Ni ile hofu ya sura ya kwanza imerudi, ile iliyomnyima usingizi siku tano, ilikuwa imefunikwa tu miaka yote. Na Ryuk anaaga kwamba walau aliondoa uboekaji, basi, kuboeka kulikofungua ndo kunafunga.

Anime haikuweza kumwacha pale chini. Light wake anatoroka na majeraha, anakimbia jua linazama, anapishana na yeye mwenyewe wa zamani aliyevaa sare za shule, anafika kwenye ngazi, analala, L anamtokea, Ryuk yuko mbali anaandika. Nililia, sifichi. Ni mwisho mzuri sana kwa macho na ndo mwisho pekee ambao ule mwanzo wa kwaya ungeweza kuzaa, huwezi kumpandisha mtu hivyo alafu umalizie na kelele za kuogopa sakafuni. Lakini wamempa heshima ambayo Ohba alimnyima makusudi, na kwa kipimo changu hapo ndo anime ilipokosea, siyo kwenye episodi zilizobanwa.

Tamthilia inamaliza kwa moto. Ghala linawaka, Light anatambaa kulifuata daftari mpaka moto unamchukua. Aliyeanza kwa kutaka kuliacha anakufa akilifuata, na hapo kwa mara ya kwanza misukumo yote imeisha, baba hayupo, mnyanyasaji hayupo, Ryuk hamtishi tena. Ni yeye na daftari. Yaani tamthilia imetumia episodi 11 kufika pale manga ilipokuwa kwenye sura ya kwanza, na mimi hiyo naihesabu kama sifa yake, ila nimeona watu wachache sana wakiitaja.

Kuna ushahidi mmoja wa mwisho, na huu umetoka kwa Ohba na Obata wenyewe. Februari 2020 walitoa hadithi fupi mpya kwenye Jump SQ. Ryuk anamletea dogo mwingine daftari, Minoru Tanaka, kijana mwenye akili kuliko wote nchini kwenye vipimo, kama Light tu. Hana msiba, hana mnyanyasaji wa kumlipizia kisasi. Minoru anafikiria, anamwambia Ryuk akae mbali mpaka wakati ufike, na anakuja na mpango wa kuliuza daftari kwa mnada kwa mataifa makubwa, hela zigawanywe kwenye akaunti za watu ili asijulikane. Anafanikiwa. Hakuandika jina hata moja. Alikufa, ndiyo, kwa sababu mfalme wa shinigami aliongeza sheria mpya baada ya mnada na Ryuk akamwandika pale pale benki alipoenda kutoa hela yake, lakini mikono yake haikuua mtu.

Kwahiyo akili nyingi siyo sababu, daftari siyo sababu, Ryuk siyo sababu, maana Minoru alikuwa na vyote vitatu. Nikiambiwa nichague toleo moja la kumpa mtu ambaye hajui kitu nitampa manga, asome sura ya kwanza polepole, asikimbilie kwa L, akae na yale majina mawili na lile lori. Alafu aangalie tamthilia ya 2015 moja kwa moja, kabla ya anime, ili amjue Light aliyejikunja kabla hajakutana na aliyesimama. Anime ije mwisho, sauti ikiwa juu.